Mguu wa Askari Una Bajeti, Mguu wa Mtoto wa Siyu Unangoja Mchango

Kila nikizungumza na watu wa nyumbani kuhusu kazi yangu hapa Texas, swali huwa moja: mashine. Mna mashine gani huko? Ni kweli askari aliyeharibiwa mguu na bomu anaweza kukimbia tena? Ni kweli, wapo wanaokimbia, na nitaeleza. Lakini naandika haya kwa sababu nimechoka kuwasikia Waamu wenzangu, watu wa Lamu nchini Kenya, wakiamini kwamba mtoto wa Siyu, kijiji cha huko kwetu visiwani, anashindwa kutembea kwa kukosa mashine za Marekani. Alichokosa ni mtu aliyeajiriwa kuiangalia miguu yake mwezi huu, mwezi ujao na mwaka ujao, kwa mshahara unaotoka kwenye bajeti ya kaunti kama unavyotoka mshahara wa muuguzi.

Mimi ni othotisti. Kazi yangu ni kutengeneza vifaa vinavyovaliwa kushikilia mguu, goti, mkono au uti wa mgongo. Wazee wetu wanavijua kwa jina la kalipa, zile za chuma na ngozi walizovalishwa waliougua polio. Nasimamia kitengo hicho kwenye kliniki ya jeshi, ingawa mwenyewe ni raia, sivai sare. Chini yangu wako mafundi na vijana wanaomalizia mafunzo, na hakuna kifaa kinachotoka mlangoni kabla sijakiona kimevaliwa na kukitilia saini.

Wengi wa wagonjwa wangu hawajafika vitani. Ni vijana waliopata nyufa za mifupa kwa kukimbia na mizigo mgongoni, walioteguka vifundo kwa kuruka na parachuti, na wale ambao mshipa wa fahamu umeumia hadi wayo unaning'inia na kuburura chini wanapotembea. Kwa huyu wa mwisho kazi huanza kwa plasta. Mguu unavishwa soksi nyembamba, nachora kwa kalamu ya wino pale mifupa inapotokeza, kisha nazungusha bendeji za plasta zilizoloweshwa, nikiushika wayo kwenye pembe ninayoitaka hadi plasta igande. Alama za wino zinahamia upande wa ndani. Plasta hiyo iliyoganda ndiyo kalibu; tukiijaza jasi, tunapata mguu wa jasi, na huo ndio tunaouchonga: tunapunguza pale panapohitaji kushikwa, tunaongeza juu ya mifupa ili plastiki isiiguse. Bamba la polipropilini linaingia kwenye oveni mpaka lilainike, linafunikwa juu ya jasi, pampu inafyonza hewa, na linapopoa linakatwa na kusagwa kingo.

Hapo watu hudhani kazi imekwisha, na kumbe ndiyo kwanza imeanza. Mgonjwa anavaa, anatembea, anavua, nami naitazama ngozi. Pakiwa na wekundu na ukaondoka baada ya dakika 20 hivi, hakuna neno. Ukibaki, kifaa kinarudi kusagwa. Kwa ngozi nyeusi kama zetu wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo nawafundisha vijana wangu kupapasa: je, pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu? Hili ni muhimu kwa sababu mguu ambao mshipa wake umekufa hausikii maumivu. Mtu anaweza kuvaa kifaa kinachomla nyama na asijue mpaka aone usaha kwenye soksi. Ndiyo maana askari wangu hupewa tarehe ya kurudi kabla hajatoka chumbani. Asipokuja, kikosi chake kinaarifiwa, na sajini wake atamuuliza alikuwa wapi. Ukanda ukichakaa, unabadilishwa. Mguu ukikonda au ukivimba, tunapima upya. Hatoi hata senti.

Msifikiri huo ni wema wa Wamarekani kwa kila mtu. Nje ya geti la kambi, mwashi aliyeanguka kutoka kwenye paa akaumia mshipa ule ule anategemea bima. Kabla ya kuja jeshini nilifanya kazi kliniki ya kiraia, na sehemu kubwa ya siku zangu iliishia kwenye barua na simu za kuwaeleza watu wa bima kwa nini mtu huyu anahitaji kifaa hiki na si kile cha bei rahisi cha kununua dukani. Wengine walikataliwa. Wengine walikubaliwa, wakashindwa kulipa sehemu yao. Fundi ni yule yule na plastiki ni ile ile. Askari anachowazidi raia ni kwamba taifa limekiri kwamba lina deni naye, na limeweka fedha na watu wa kulilipa.

Sasa hizo habari za kukimbia. Mjini San Antonio, jimbo hili hili, kuna kituo kinachoitwa Center for the Intrepid kilichofunguliwa mwaka 2007 kwa ajili ya majeruhi wa Iraq na Afghanistan. Hapo ndipo kilipobuniwa kifaa cha nyuzi za kaboni kiitwacho IDEO. Kinashika mguu chini ya goti, na fimbo zake za nyuma zinajikunja mtu anapokanyaga na kumsukuma mbele anaponyanyua mguu. Baadhi ya waliokuwa wameshaomba wakatwe mguu walibadili nia baada ya kukijaribu. Naistahi sana kazi hiyo. Lakini kuna jambo ambalo watu hawalijui: jengo lenyewe lilijengwa kwa michango ya watu zaidi ya 600,000. Ilikuwa harambee, tena kubwa. Jengo likaisha, likakabidhiwa jeshi, na tangu hapo jeshi ndilo linalolipa mafundi, madaktari na walimu wa mazoezi. Mchango ulipandisha kuta. Ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa inaendeshwa kwa bajeti.

Sisi wa Amu tumeishia kwenye ile nusu ya kwanza tu, ya mchango. Kila baada ya muda inakuja kambi ya matibabu, wageni wanapokelewa jeti kwa heshima zote, watu wanapanga foleni, vifaa vinagawiwa, picha zinapigwa, na boti inaondoka. Sina kinyongo na wanaokuja, wengi wanakuja kwa moyo safi. Swali langu ni nani anayeiangalia ngozi ya mtoto wiki mbili baadaye.

Nina jamaa Siyu ambaye mwanawe alizaliwa na nyayo zote mbili zimepinda kwa ndani. Tiba yake inajulikana dunia nzima kwa jina la Ponseti, daktari aliyeiendeleza chuo kikuu cha Iowa: plasta inabadilishwa kila wiki, mguu unanyooshwa kidogo kidogo, mara nyingi mkano wa kisigino unakatwa kwa kisu kidogo, halafu mtoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku miezi 3 ya kwanza, kisha usiku tu hadi afike miaka 4 au 5. Haihitaji mashine hata moja. Mama yule alihangaika na mwanawe mpaka Mombasa, plasta zikawekwa zote, miguu ikanyooka. Viatu vya kwanza vilipombana mtoto, vikubwa zaidi havikupatikana karibu. Akaulizia huku na huku, akaambiwa asubiri. Aliponipigia simu aliniambia, "Kaka, miguu imerudi ilivyokuwa," na nilimsikia akijilaumu. Hana lawama yoyote. Alifanya kila aliloambiwa na kilichokatika ni upande wa pili.

Mtu asiyejua Amu atasema, si arudi Mombasa? Kutoka Siyu unangoja maji yajae ndipo boti ipite, unashukia Amu au unavuka Mokowe, halafu basi kupitia Witu, Garsen na Malindi, siku nzima ya safari kwenye barabara ambayo kwa miaka mabasi yamekuwa yakisindikizwa na polisi. Mvuvi anayeacha shughuli kwenda kupimwa, kisha arudi tena kujaribisha, amepoteza riziki ya nyumba na nauli juu yake. Na mtoto anayekua anahitaji kifaa kipya kila mwaka au kabla.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawawezi kulijua na ambalo mimi nalifikiria kila ninapofunga mkanda kwenye buti la askari. Kifaa tunachotengeneza huku kinapimwa pamoja na kiatu. Urefu wa kisigino cha buti ndio unaoamua mguu utaegemea mbele kiasi gani. Ukivaa kifaa hicho hicho bila kiatu, kinakurudisha nyuma, na goti linateseka. Amu nani anavaa buti? Tunavaa ndara, na mlangoni tunavua. Mara tano kwa siku mtu anatawadha, anaosha miguu, anaingia msikitini. Kifaa kigumu kinachokaza kifundo hakimruhusu kukaa tahiyatu, na vidole havikunjiki vizuri kwenye sijda. Basi anakivua aswali, anakisahau kukivaa, na mwisho kinatundikwa ukutani. Nimewahi kusikia wakisema watu wetu hawathamini vifaa. Si kweli. Vilitengenezwa kwa ajili ya maisha ya mtu mwingine. Fundi anayeishi Amu atajua kuweka bawaba kifundoni panapowezekana, kupima mguu ukiwa peku, kutumia mikanda inayofunguka upesi, na kukwepa chuma kinacholiwa na kutu kwenye hewa ya chumvi. Polipropilini haishiki kutu wala si ghali, na ndiyo ambayo shirika la Msalaba Mwekundu limekuwa likiitumia kwa viungo bandia kwenye nchi zilizopigana vita.

Mikono ya kazi tunayo. Siyu wanashona ngozi tangu enzi za mababu, makubadhi yao yanajulikana pwani nzima. Matondoni wanaunda majahazi kwa macho na shoka. Mtu anayejua kuchonga ubao ukakaa kwenye umbo la jahazi hatachelewa kujifunza kuchonga mguu wa jasi. Elimu yenyewe haiko mbali: Nairobi, chuo cha utabibu cha KMTC kinafundisha mafundi wa viungo, yaani watengenezaji wa vifaa kama hivi, na Moshi, Tanzania, pale hospitali ya KCMC, kuna chuo kilichoanza tangu miaka ya 1980 na kinapokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Nyumbani tuna kitu ambacho vijana wangu wa kambini hawana. Askari akitoka kwangu na kifaa chake cha kaboni anarudi kwenye chumba chake peke yake, na wengine wananiambia kwamba mazungumzo marefu ya wiki yao ni yale tunayofanya nikiwapima. Amu mgonjwa hakai peke yake. Majirani wanaingia bila kubisha, vijana wa mtaa wanambeba, anapandishwa punda, analetewa chakula. Naumia kukosa hayo. Lakini niseme ukweli wote: wema huo huo ndio unaoifichia kaunti kazi yake. Mtoto anabebwa na mama hadi anapokuwa mzito, kisha anaketi barazani, na kwa kuwa ameoga, amekula na ana watu, hakuna anayeuliza kwa nini hatembei.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Ni haki iliyoandikwa, sawa na deni la askari wangu. Huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kwa hiyo ombi langu si jengo wala oveni. Naomba nafasi moja ya kazi: fundi mmoja wa viungo kwenye orodha ya mishahara ya kaunti ya Lamu, mwenye nauli ya boti ya kwenda Faza, Kizingitini, Siyu na Pate kila mwezi. Karakana anaweza kuikosa kwa kuanzia. Achukue plasta kwa mgonjwa nyumbani kwake, kalibu zipakiwe kwenye basi ziende karakana ya Mombasa, vifaa virudi kwa basi, naye avijaribishe pale pale kijijini na kuirudia ngozi wiki mbili baadaye. Kalibu ya plasta haihitaji kulala gesti wala kuacha nyavu zake.

Bajeti ya kaunti hupitia vikao vya wananchi kabla ya kupitishwa. Nimezungumza na yule mama wa Siyu, naye amesema kikao kikiitishwa Faza atakwenda na mwanawe na atasimama aseme mwenyewe. Mlio Siyu na Pate, fuataneni naye. Mlio Amu mjini, andikeni barua zenu mkataje hiyo nafasi moja kwa jina lake, fundi wa viungo, ili wasije wakaipokea kama ombi la viti vya magurudumu. Fundi huyo akipatikana, likizo yangu nitaikalia pamoja naye, nimpe kila ninalolijua la plasta na ngozi.