Mvua ya Dar inatosha, pa kuiweka ndiyo shida

Mwambie mtu wa Dar kwamba Birmingham inapata mvua kidogo kuliko mji wake, atakubishia mpaka kesho. Simlaumu, maana Uingereza tunayoijua tangu utotoni ni nchi ya miavuli na matope. Lakini vipimo vipo: Birmingham hupata kama milimita 700 hadi 800 kwa mwaka, Dar es Salaam kama 1,100. Ya huku Birmingham, ninakoishi, inadondoka kidogo kidogo mwaka mzima, ya kwetu inamwagika kwa misimu miwili, masika na vuli. Basi kwa nini mama yangu, pale Kimara, ndiye anayekaa kuangalia mawingu, na majirani zangu huku hata hawajui maji yao yanatoka wapi?

Swali hili limenikaa moyoni tangu 2022, mwaka ambao ukame ulinikuta pande zote mbili. Julai joto la Uingereza lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu waanze kulipima. Nyasi za bustani zikakauka zikawa rangi ya makuti, na Agosti ukatangazwa ukame rasmi. Mimi nikafanya kile nilichofundishwa nyumbani: nikajaza ndoo mbili nikazifunika, nikaziweka bafuni. Zilikaa pale mpaka maji yakaingia vumbi. Bomba halikukatika hata saa moja. Sehemu nyingine za nchi watu walikatazwa kumwagilia bustani kwa mpira, na mtaani kwetu hata katazo hilo halikufika. Ukame ulikuwa habari ya kwenye televisheni.

Oktoba ikawa zamu ya nyumbani. Vuli haikuja, mto Ruvu unaotupa maji ukapungua, mgao wa maji ukatangazwa. Huo nao ulikuwa ukame, ila wenyewe uliingia mpaka jikoni.

Ambao hamjawahi kuishi Dar wakati wa mgao, naomba niwaeleze asubuhi ya mama. Anaamka saa kumi alfajiri kusikiliza bomba. Hafungui ile koki kwa sababu hajaifunga tangu juzi. Anasikiliza tu kama inapumua. Ikipuliza hewa, kuna matumaini, anaita watoto wa dada yangu na madumu yanapangwa. Isipopuliza, anatoka nje kutazama juu. Kipindi hicho upepo wa kusi umeshalegea na wa kaskazi haujashika, kwa hiyo mawingu yanazunguka bila mwelekeo. Asubuhi mbingu nyeupe. Saa nane mchana wingu linajikusanya upande wa Pugu, linakuwa jeusi kabisa chini, joto linabana, kuku wanaingia bandani. Mabeseni yanatolewa na kupangwa chini ya ukingo wa bati, masufuria pia, hata ndoo ya kudekia. Kisha mama anampigia shangazi Kisarawe: "Huko inanyesha?" Shangazi anamjibu kwamba matone yamepiga vumbi, basi. Jua linazama mabeseni yakiwa makavu, na hakuna anayeyaingiza ndani, kwa sababu kuyaingiza ni kama kukata tamaa. Dalili ya mvua ni mawingu, ndivyo tulivyolelewa, lakini msimu ule mawingu yalikuja na kupita wiki baada ya wiki.

Sababu yake inajulikana. Bahari ya Hindi upande wetu ikipoa na upande wa Indonesia ikapata joto zaidi, unyevu unahamia kule na vuli yetu inakonda. Juu ya hapo kulikuwa na La Niña, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, iliyokuwa imerudi mwaka wa tatu mfululizo. Hayo ni mambo ya angani na baharini, hakuna mwenyekiti wa mtaa anayeweza kuyazuia. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba na ndoo ya mama yangu kukauka nayo ni kazi ya Mungu.

Tazama mji ninaoishi ulivyofanya. Katika karne ya 19 Birmingham ilikuwa mji wa viwanda, watu wamesongamana, visima vichafu, magonjwa yakiua watoto. Katika miaka ya 1870 halmashauri ya mji ikainunua kampuni ya maji ikawa mali ya umma. Mwaka 1892 wakapata sheria ya Bunge ya kujenga mabwawa katika bonde la Elan, huko Wales, na mwaka 1904 maji yakaanza kufika mjini. Ni umbali wa zaidi ya kilomita 110, na yanateremka kwa mteremko tu, bila pampu, mpaka leo. Maji ninayopikia chai yalinyesha juu ya vilima vya Wales siku nyingi zilizopita, yakasubiri bwawani mpaka nilipofungua koki. Wales yenyewe ina mvua nyingi, hilo lazima nilitaje. Na tusiifanye hadithi ya malaika: watu wapatao mia moja walihamishwa katika bonde lile, na waliolipwa fidia ni wenye ardhi peke yao. Waliokuwa wapangaji waliondoka mikono mitupu. Hilo nalo tulikumbuke tunapojenga ya kwetu.

Dar tunakunywa Ruvu, mto unaoanzia milima ya Uluguru. Mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ikifanya kazi kwa uwezo wake wote inatoa lita milioni 466 kwa siku. Hicho si kiasi kidogo hata kidogo. Lakini mitambo inavuta maji yanayopita mtoni siku hiyo hiyo. Mto ukishuka, mitambo inashuka nayo. Umeme ukikatika, pampu zinasimama. Bwawa la Kidunda, lenye uwezo wa lita bilioni 190, ndilo litakaloshika maji ya masika yatufae Oktoba. Lilizungumzwa kwa miongo kadhaa, na mkataba wa ujenzi ukasainiwa Novemba 2022, mji ukiwa na kiu. Nashukuru kwamba ulisainiwa. Nasikitika kwamba ilibidi tukauke kwanza. Na katikati ya hasira za mwaka ule wakulima na wafugaji wa bonde la Ruvu walinyooshewa vidole kuwa ndio wanaoukausha mto, kana kwamba wao hawana haki ya kuuishi mto unaopita mlangoni kwao.

Jambo linaloniuma zaidi ni nani anayeangalia mawingu. Mwenye nyumba yenye tangi la lita elfu kumi na kisima kirefu haangalii. Akipungukiwa anaita boza. Anayeangalia ni mpangaji wa chumba kimoja Mburahati au Tandale, mama lishe ambaye bila maji hapiki na asipopika hauzi, na binti anayechelewa shule kwa sababu foleni ya kisimani haijamfikia. Mwaka ule mama alikuwa akinunua dumu la lita 20 kwa shilingi 500 kutoka kwa kijana wa guta, na siku mbaya zaidi ya hapo. Piga hesabu: lita elfu moja ni shilingi 25,000, zaidi ya mara kumi ya bei ya uniti ya bomba. Maji yenyewe mara nyingi ya kisima, yana chumvi, sabuni haitoi povu. Huku Uingereza bomba la tajiri na la maskini linatoa maji yale yale, na kati ya yote niliyoyaona ughaibuni, hilo ndilo ninalolionea wivu. Barabara zao wabaki nazo.

Wapo wenzangu wa huku wanaoniambia tatizo ni watu wetu, hawajui kutunza. Siwezi kulikubali hilo. Mama yangu anaoshea mboga maji ambayo yatafulia madekio, yakimaliza hapo yanamwagiliwa mchicha. Sijaona mtu yeyote Birmingham anayeijua thamani ya lita moja kama yeye. Wapo pia wanaosema wanatamani maisha ya nyumbani ya kuangalia mbingu, kwamba huku mtu anatazama simu tu. Mimi naipenda harufu ya vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza kuliko manukato yoyote, na ningetoa mengi kuisikia ikigonga bati la kwetu usiku. Lakini mbingu inapendeza kuitazama ukiwa na maji ndani.

Na tusisahau mwaka uliofuata. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, kinyume cha La Niña, na pale Jangwani maji yakajaa kama kawaida yake. Mji uliokesha ukiomba mvua ukawa unakesha ukiipiga marufuku isiingie ndani, na yote ikapita mto Msimbazi kwenda baharini. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 80 za mraba kwa mvua ya mwaka ya Dar linapokea kama lita 88,000. Hata ukipoteza sehemu ya tano, unabaki na zaidi ya madumu 3,500. Haitamaliza tatizo la mji, maana kiangazi ni kirefu na tangi la kuhifadhi yote hayo ni bei mbaya, na mpangaji hana paa lake. Ndiyo maana naona halmashauri zisipitishe ramani ya nyumba, sembuse ya ghorofa, shule au msikiti, isiyoonyesha gata na tangi.

Sisi wa nje tuna sehemu yetu, kwa sababu nyumba nyingi zinazoota Chanika, Goba na Kigamboni zinajengwa kwa hela zetu. Tunatumiwa picha za madirisha ya alumini na geti, tunafurahi. Mdogo wangu anajenga Chanika, ameshapaua, na wiki iliyopita alinitumia bei ya marumaru za sebuleni. Nimemjibu kwamba hela ya mwezi huu ni ya gata pande zote mbili za paa na tangi la lita elfu tano, na fundi aweke njia ya kumwaga maji ya kwanza yanayoosha bati kabla ya kuyaelekeza tangini. Akishanitumia picha ya hilo, tutaongea habari ya marumaru.