Begi langu limepita mwaloni

Mdogo wangu anayefanya kazi Dubai kanitumia tiketi. Siku kumi, mwezi wa nane. Furaha yangu ilidumu kama dakika tano, mpaka habari iliporuka ukuta ikafika kwa majirani.

Hivi mtu niliyekulia Igoma, hapa Mwanza, nikichunga mbuzi wa babu juu ya mawe ya moto, wa kunifundisha jua ni nani? Lakini mtaani kwetu ghafla kila mtu ni mtaalamu. Shemeji kasema nisithubutu kuondoka bila mafuta ya kukinga jua. Nikaenda duka la dawa: kichupa cha kuficha kiganjani, shilingi 38,000! Halafu dada wa dukani ananiambia nijipake upya kila baada ya saa mbili. Mimi mafuta ya mgando napaka asubuhi, tunaonana tena kesho.

Nikampigia mdogo wangu nilalamike. Nikamwambia sisi tuko jirani na ikweta, saa sita mchana mtu anakanyaga kivuli chake. Akacheka. "Kaka, huko jioni upepo wa ziwa unakupoza. Huku mwezi wa nane mchana tunapita nyuzi 40, na usiku wa manane bado uko kwenye 30." Haya, kwa nini hakusema kabla hajakata tiketi?

Basi nikalitoa begini sweta ambalo mke wangu alikuwa ameliweka. Akalirudisha. Nikalitoa. Akalirudisha kimya kimya, na wanaume wenzangu ule ukimya mnaujua. Kumbe ameshaambiwa kwamba ndani ya maduka makubwa ya kule viyoyozi vinapuliza kama chumba cha barafu cha kiwanda cha sangara. Kwa hiyo nasafiri na mafuta ya jua na sweta, kama mtu asiyejua anakokwenda.

Kuna kijana mjini kaniuzia kichwa cha kubadilishia umeme, "maalumu kwa Uarabuni", shilingi 15,000. Nafika nyumbani naambiwa soketi za Dubai ni zilezile za pini tatu kama zetu. Hilo tuliache, presha inapanda.

Maana hivyo angalau ni vyangu. Balaa ni mizigo ya watu. Shangazi katoka Misungwi na michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, eti mtoto kakonda kwenye picha. Chini ya michembe nikakuta kopo halina lebo, ndani poda nyeupe.

"Shangazi, hiki nini?"

"Unga, baba."

Jasho likanitoka kabla sijafika jangwani. Nikamweleza kwamba neno hilo uwanja wa ndege halitamkwi. Mtu wa forodha akiuliza nimebeba nini, nimjibu unga? Nitaeleza saa ngapi kwamba ni udaga, muhogo mkavu, kausaga mwenyewe? Shangazi akanitazama kwa huruma. "Kwani hao hawali ugali?"

Jirani naye kaleta vidonge vyake vya kikohozi nimpelekee mwanawe. Hivyo nilivirudisha mbio. Kule dawa yenye kodeini ukiingia nayo bila kibali unaweza kulala ndani, na mimi nimeahidiwa kulala hotelini.

Tiketi inasema kilo 23. Nyumbani mizani hatuna, nikapakia begi kwenye bodaboda hadi mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki. Kijana wa mizani akashusha gunia la dagaa, akapandisha begi langu palepale, maji maji na magamba yote. Kilo 31. Dalali mmoja akasogea, akaligonga begi kwa kidole: "Huyu wa Ukerewe au wa Musoma?"

Nilichonunua mimi humo ni kaptula mbili, mashati matatu na miwani ya jua ya mtumba kutoka Mlango Mmoja, ambayo jicho la kushoto linaona rangi ya kahawia na la kulia kijani.

Nimeosha begi kwa sabuni, nimelisugua kwa ndimu, mke wangu kalifukiza udi. Sasa linanuka dagaa aliyekwenda harusini. Nikataka nipunguze michembe, shangazi akapanda juu ya begi akakaa, akaomba chai.

Kaondoka jana jioni. Nafasi yake juu ya begi imechukuliwa na paka wa jirani.