Kishale Kinachobadilika Sura Kila Dirisha
Inaudhi sana kwamba katika Linux kishale cha kipanya, kitu ambacho jicho halikiachi kutwa nzima, kinaweza kuwa cheusi na kikubwa juu ya eneo-kazi, kisha kikageuka cheupe na kidogo mara tu kinapoingia kwenye dirisha la kivinjari. Chanzo ni kwamba mpangilio huu hauna makao mamoja: programu zilizojengwa kwa GTK, maktaba ya kuundia madirisha na vitufe, husoma hifadhi yao, nyingine hutazama vigeu vya mazingira XCURSOR_THEME na XCURSOR_SIZE, vinavyotaja sura na ukubwa wa kishale, na nyingine hufuata faili la index.theme lililomo ndani ya ~/.icons/default. Chini ya Wayland, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, ambako programu nyingi hujichorea kishale zenyewe, tofauti huonekana waziwazi zaidi. Itifaki ya cursor-shape ya mwaka 2023, inayomwachia msimamizi wa madirisha kazi hiyo, ilipaswa kuwa imeshakubaliwa na kila programu.