Kodi ndani ya bloku: nani ashike saa ya modeli?

Chukua tangi la maji lenye kipenyo cha mita 10, yaani eneo la sakafu la mita za mraba 78.54. Pampu inaingiza mita za ujazo 120 kwa saa. Maji yanatoka kwa chini kupitia tundu la milimita 80. Kina kikishuka hadi mita 2.0 pampu iwake, kikifika 4.5 izimike. Kwa mji kama Tanga, unaokunywa maji ya Mto Zigi kutoka bwawa la Mabayani, hesabu za namna hii hazikosi mwenyewe. Viwanda vya saruji na vya mkonge navyo vina matangi yao. Namba zetu ni za mfano tu, ila zinatosha kuuweka wazi ubishi ambao mainjinia wanaotumia Simulink au Xcos (programu za kuigiza mifumo kwa kuchora visanduku, yaani mabloku, vilivyounganishwa kwa nyaya) hawajaumaliza: uchore kila kitu kwa mabloku, au ufungue bloku moja na uandike kodi ndani yake? (Kodi ya kompyuta, si ile ya TRA.)

Wapenzi wa kodi wana hoja nzito, na tuwaanze wao. Tafuta kigezo cha msuguano wa bomba kwa fomula ya Swamee na Jain ya mwaka 1976. Kwa mabloku utahitaji kama kumi: vipeo, jumla, logi, mraba, migawanyo, na vile vibloku vya namba zisizobadilika. Nyaya zitapishana kama nyavu zilizoanikwa, na atakayefungua mchoro baada ya miezi sita hatajua fomula inaanzia wapi. Kwa kodi ni mstari mmoja:

f = 0.25 / (log10(e/(3.7*D) + 5.74/Re^0.9))^2;

Hapo e ni ukwaruzo wa bomba, D ni kipenyo chake, na Re ni namba ya Reynolds, inayokua kadiri kasi ya maji inavyokua. Anayeijua fomula ataitambua papo hapo, na ataweza kuilinganisha na kitabu herufi kwa herufi. Hapa sioni cha kubishania. Fomula yenye logi na vipeo mahali pake ni kwenye kodi.

Hata hivyo, mstari huo una mtego. Pampu ikizimika, kasi ya maji bombani ni sifuri na Re ni 0. Kompyuta itagawa 5.74 kwa 0 ipate Inf (namba isiyo na kikomo), logi ya Inf ni Inf, na 0.25 ukigawa kwa Inf ni 0. Msuguano umekuwa sifuri na hakuna onyo lolote. Ukijifanya mwangalifu ukaongeza tawi la mtiririko tulivu, 64/Re, mambo yanageuka: 64 kwa 0 ni Inf, kisha upotevu wa shinikizo unazidisha Inf kwa mraba wa kasi, ambao ni 0, na jibu ni NaN (yaani "si namba"). NaN ikiingia kwenye Integrator, bloku linalojumlisha mabadiliko kadiri muda unavyokwenda, modeli inasimama ikidai kuna namba isiyo na kikomo. Dawa ni max(Re, 1) kabla ya kugawa. Kumbuka pia kwamba fomula yenyewe inaaminika kwa Re kuanzia 5,000 hadi milioni 100. Chini ya hapo ni tawi la pili, na katikati ya matawi hayo mawili kuna eneo ambalo hakuna fomula inayolisemea kwa uhakika.

Kwenye tangi ugonjwa ni wa jamii hiyohiyo. Kasi ya maji yanayotoka inafuata mzizi wa kina. Kisuluhishi, yaani sehemu ya programu inayosogeza hesabu mbele hatua kwa hatua, kikijaribu hatua ndefu tangi likiwa karibu tupu, kinaweza kuulizia kina cha -0.01. Ndani ya MATLAB Function, bloku la Simulink la kuandikia kodi kwa lugha ya MATLAB, sqrt (mzizi wa mraba) ya namba hasi husimamisha modeli kwa kosa. Ndani ya Interpreted MATLAB Function unapata namba changamano, na malalamiko mengine kabisa. Andika sqrt(max(h,0)) na uendelee na safari.

Mpaka hapo kodi inashinda, kwa sharti la uangalifu. Inaposhindwa ni pale inapopewa kazi ya kukumbuka na ya kuhesabu wakati.

Tuseme umeandika kwa kodi sharti la kuwasha na kuzima: if kina <= 2.0, pampu iwake. Modeli inaendeshwa kwa siku nzima, sekunde 86,400, kwa kisuluhishi ode45 ambacho hubadilisha urefu wa hatua kadiri kinavyoona. Usipogusa mpangilio, hatua ndefu kuliko zote inayoruhusiwa ni muda wote ukigawa kwa 50, yaani sekunde 1,728, karibu dakika 29. Tangi linapomwagika taratibu mkondo wa kina ni laini, kwa hiyo kisuluhishi hakioni sababu ya kukaza hatua. Na hakina macho ya kuiona if yako. Mabloku kama Relay, Switch na Saturation humwambia kisuluhishi kwamba hapa kuna mpaka, naye hurudi nyuma na kuutafuta wakati hasa ulipovukwa. Kodi ya ndani ya bloku haisemi lolote.

Hapo hutokea moja kati ya mawili, kulingana na aina ya bloku na lilivyopangwa. Kama kodi inasomwa mwisho wa hatua tu, mpaka utapitwa. Kwenye mita 2 tangi letu linatoa mita za ujazo 68 kwa saa, sawa na kushuka sentimita 87 kwa saa, hivyo dakika 29 za kuchelewa ni takriban sentimita 40. Pampu uliyoiambia iwake kwenye 2.0 inawaka kwenye 1.6, na grafu inaonekana nzuri tu. Kama kodi inaitwa pia katikati ya hatua, kisuluhishi kinagonga ukuta kisioujua, kinaikataa hatua, kinaifupisha, kinajaribu tena, na modeli inajikokota.

Hali ya pili ina balaa kubwa zaidi. Pampu lazima ikumbuke ilikuwa imewaka au imezimwa, kwa kuwa kati ya 2.0 na 4.5 kina peke yake hakitoshi kuamua. Anayeandika kodi hukimbilia kutangaza kigeu cha persistent, kinachotunza thamani yake kati ya mwito mmoja na mwingine. Sasa ode45 hutathmini modeli mara sita kwa kila hatua, na hatua isipofaa hutupwa. Hatua ya majaribio ni kama ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo. Lakini kigeu kilichobadilishwa ndani yake hakiondoki nayo. Kisuluhishi kilichungulia kina cha 1.98 katika jaribio, kodi ikaandika "pampu imewaka", kisuluhishi kikalikataa jaribio na kurudi kwenye 2.3, na pampu imebaki imewaka kwenye 2.3. Ukiweka kihesabu cha mara ngapi pampu imewashwa, nacho kitahesabu majaribio pamoja na matukio ya kweli. Badilisha kisuluhishi na jibu linabadilika.

Je, turudi kwenye mabloku matupu? Relay, swichi yenye kiwango cha kuwasha na cha kuzima, inafaa kazi hii, ingawa ina ukaidi wake: kiwango cha kuwasha hakiruhusiwi kuwa chini ya kiwango cha kuzima. Pampu yetu ni kinyume. Basi weka 4.5 kama kiwango cha kuwasha na 2.0 kama cha kuzima, kisha geuza matokeo: ikiwa imewaka itoe 0, ikiwa imezimwa itoe 1. Inafanya kazi barabara. Tatizo ni kwamba msomaji wa kwanza ataona "kuwasha 4.5" na kuapa kwamba umekosea.

Isitoshe, wapenzi wa kodi wana jibu ambalo wapenzi wa mabloku hulipuuza. Pampu halisi haiendeshwi na Relay ya kwenye skrini. Inaendeshwa na PLC, kompyuta ndogo ya kuongozea mitambo, na PLC husoma vihisi, huamua, hutoa amri, kisha huanza tena, mzunguko baada ya mzunguko. Hiyo ni kodi inayoitwa kwa vipindi. Kuiigiza kwa kodi ni ukweli zaidi kuliko kuichora. Nakubaliana nao kabisa, kwa sharti moja: kipindi na kumbukumbu vitoke nje ya kodi, vikae kwenye mchoro ambapo kisuluhishi kinaviona. Namna hii:

function p = amri(kina, awali)
p = awali;
if kina <= 2.0
    p = 1;
elseif kina >= 4.5
    p = 0;
end

Lipe bloku muda wa sampuli wa sekunde 10. Toa waya wa p uupitishe kwenye Unit Delay (bloku linalotoa thamani ya sampuli iliyopita) ya sekunde 10 hizohizo, uurudishe kwenye awali, na weka thamani ya kuanzia 0 kama tangi linaanza likiwa limejaa. Kisuluhishi sasa kinalazimika kukanyaga kila sekunde ya 10, na kosa kubwa la kina ni milimita 2.4. Kwa siku nzima ni vituo 8,640, ambavyo laptopu ya kawaida haivioni kuwa mzigo. Ukisahau Unit Delay, p inategemea p ya wakati uleule, na Simulink italalamika kuhusu mzunguko wa aljebra. Fundi wa pampu asiyesoma kodi naye anaona kwenye mchoro kwamba hapa kuna kumbukumbu, na ni ya sekunde 10.

Mengine ni madogo, ila hula siku nzima ya mtu. MATLAB Function hutafsiriwa kuwa C kabla ya kwenda, hivyo ukubwa wa matokeo lazima ujulikane mapema: ukianza na x = 0 kisha ukaandika x = [1 2 3], itagoma. Kompaila ya MinGW usiisakinishe kwenye folda yenye nafasi katika jina lake. Unayetumia Scilab, ambayo ni ya bure, utaandika ndani ya scifunc_block_m, na kwa fomula fupi bloku la EXPRESSION linatosha.

Namba kamili ziangalie kwa jicho la pekee ikiwa kodi itahamia kwenye PLC. Katika MATLAB, int32(7)/int32(2) ni 4, kwa sababu inakadiria. Katika C jibu ni 3. Kihesabu cha uint8 kikifika 255 hubaki 255 katika MATLAB, wakati katika C hurudi 0.

Kuna pia suala la kufuatilia mabadiliko. Faili la .slx ni kifurushi kilichobanwa, na git, programu ya kutunza matoleo ya faili, haiwezi kukuonyesha mstari uliobadilika. Weka amri.m kama faili la pembeni na bloku liliite tu. Utaweza kulijaribu bila kuendesha modeli: kina 3.0 na awali 1 lazima vitoe 1, kina 3.0 na awali 0 vitoe 0.

Modeli nzima nayo ina kipimo chake cha karatasi na kalamu. Anza na tangi kwenye mita 4.5, pampu imezimwa, mgawo wa tundu (sehemu ya mtiririko wa kinadharia inayopita kweli) 0.6. Kushuka hadi 2.0 kunachukua sekunde 8,314, yaani saa mbili na dakika kumi na nane na ushee. Ukiona pampu inawaka kati ya 8,310 na 8,325, mchoro wako uko sawa. Ikiwaka baada ya 9,000, usiguse tundu wala pampu; nenda kwenye if, uangalie nani anashika saa.