Kofia, Hatua 300: Ardhi na Utaifa katika Ulaya ya Karne ya 19

Februari 1846, katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Tarnów, mabwana wa Kipoland walichukua silaha kwenda kupigania uhuru wa taifa lao. Jimbo lao la Galicia lilikuwa mikononi mwa Austria tangu Poland igawanywe na majirani zake. Waliamini kwamba wakulima wa mashamba yao wangewaunga mkono. Wakulima walitoka kweli, wakiwa na miundu, mashoka na magongo ya kupuria nafaka, ila waliwageukia mabwana wenyewe. Katika majuma machache waliua watu wapatao 1,000, wakapora au kuchoma nyumba za kibwana zipatazo 500. Maiti na majeruhi waliwapakia kwenye magari ya farasi, wakawapeleka kwa maofisa wa Austria mjini.

Tukio hili ni nadra kutajwa tunaposimuliwa Ulaya ya karne ya 19. Simulizi tuliyoizoea ina mihimili miwili, viwanda na utaifa, na wakulima wanaonekana kwa mbali tu, kama miti ya kando ya reli.

Simulizi hiyo ina ukweli mwingi. Umoja wa forodha wa 1834, uliounganisha masoko ya majimbo ya Kijerumani chini ya Prussia, ulitangulia dola ya Ujerumani ya 1871 kwa miaka 37. Italia ni ushahidi mzito zaidi. Garibaldi, jemadari aliyepigania kuiunganisha Italia, alipotua kisiwa cha Sicily Mei 1860, wakulima walimpokea kwa matumaini ya kugawiwa ardhi, na Juni akatoa amri ya kuwaahidi hivyo. Mjini Bronte walichoka kusubiri, wakafanya fujo na kuua. Agosti akafika jemadari wake, Nino Bixio. Mahakama ikaketi harakaharaka na watu watano wakapigwa risasi. Mwaka uliofuata Ufalme wa Italia ukatangazwa. Kwa hiyo taifa linaweza kuzaliwa bila mkulima kupewa alichoomba, ingawa ufalme huo mpya ulilazimika kupeleka maelfu kwa maelfu ya askari kusini kuzima uasi wa mashambani.

Lakini narudi Tarnów, maana wale watu 1,000 hawanitoki kichwani. Wazalendo wa Kipoland walisema Austria ndiyo iliyochochea, hata kwamba ililipa kwa kila kichwa. Maofisa walifumba macho na kuwapa wakulima moyo, hilo nalikubali. Jakub Szela, kiongozi wao mashuhuri, alihamishiwa Bukovina akapewa shamba. Hata hivyo, chuki ya namna ile hainunuliwi kwa usiku mmoja. Ilikuwa na hesabu yake. Tangu 1786 sheria ya Kaisari Joseph II iliruhusu bwana amtake mkulima hadi siku tatu za shokoa, yaani kazi ya lazima isiyo na malipo, kwa juma, na sheria hiyo ilionekana ya huruma kwa sababu iliweka kikomo. Siku tatu kwa juma ni siku 156 kwa mwaka. Na shokoa ilikaza wakati wa kupanda na kuvuna, kwani bwana naye anavuna msimu uleule. Mkulima anaacha nafaka yake ikipukutika, yeye yuko shamba la mwenziwe. Kisha bwana huyohuyo anamjia na kumwambia: sisi sote ni Wapoland. Wakulima wengi wa huko jina hilo hawakulikubali hata kidogo. Mpoland kwao alikuwa bwana. Wao walijiita watu wa Kaisari.

Miaka miwili baadaye walipata pa kusemea. Mapinduzi ya Machi 1848 yalimng'oa Metternich, kansela wa Austria, likaja bunge la Vienna, na humo wakaketi wakulima, wengine wao hawajui kusoma. Julai, Hans Kudlich, mtoto wa mkulima kutoka Silesia ambaye hakuwa ametimiza miaka 25, alitoa hoja ya kufuta shokoa na utwana. Mabishano yakakwama kwenye fidia: mabwana walipwe au wasilipwe? Ndipo aliposimama Ivan Kapushchak, mkulima wa Kiukraine kutoka Galicia, akakumbusha jinsi mtu alivyolazimika kuvua kofia hatua 300 kabla ya kuifikia nyumba ya bwana. Fidia? Ile mijeledi iliyowazunguka vichwani na miilini, alisema, hiyo ndiyo iwe fidia yao. Bunge halikumfuata, fidia ikapitishwa. Lakini sheria ya 7 Septemba 1848 ilifuta shokoa, na serikali zilizorudi kwa mabavu baada ya mapinduzi hazikuthubutu kuirudisha.

Oktoba, majeshi ya Kaisari yalipoizingira Vienna, Kudlich alikwenda vijijini kuwaita wakulima waje kuuokoa mji. Hawakuja. Wanamapinduzi waliwaona wasaliti, na hukumu hiyo imedumu vitabuni hadi leo. Mimi naiona si ya haki. Watu hawa walidai jambo moja, wakalipata, na hakuna aliyewaeleza katiba ingewaongezea nini. Ufaransa ilikuwa vilevile: serikali ya jamhuri ilipandisha kodi za moja kwa moja kwa asilimia 45, mzigo ukamwangukia mwenye shamba, na Desemba, katika uchaguzi wa rais, vijiji vikasaidia kumpa Louis-Napoleon kura zaidi ya milioni 5.

Mwenye kunijibu ataitaja Hungaria, ambako watu walilifia taifa. Ni kweli, lakini tazama mpangilio wa mambo. Sheria za Aprili 1848 zilifuta shokoa kwanza, kisha ndipo wakulima wakajaa katika jeshi la Kossuth, kiongozi wa mapinduzi ya Hungaria, hata Austria ikalazimika kuomba askari wa Urusi mwaka 1849. Wapoland wa upande wa Urusi walilielewa somo: mwaka 1863 waasi wao walitangaza kwamba ardhi ni ya wakulima, na mwaka 1864 Tsar akajibu kwa kuwapa ardhi kwa masharti mepesi. Pande mbili zenye silaha zilikuwa zikishindana kumbembeleza mtu yuleyule.

Nisichoweza kukieleza kwa ardhi pekee ni kilichofuata Galicia. Shule, magazeti ya vijijini na haki ya kupiga kura viliwageuza wajukuu wa watu wa Kaisari kuwa Wapoland, na hapo wenye kutetea nguvu ya utaifa wana hoja ambayo sina jibu lake kamili. Mwaka 1874, katika kijiji cha Wierzchosławice, jirani na Tarnów, alizaliwa Wincenty Witos katika nyumba ya wakulima maskini. Julai 1920, Jeshi Jekundu la Wakomunisti wa Urusi likiielekea Warsaw, alifanywa waziri mkuu wa Poland, naye akawaita wakulima waje kuitetea nchi. Safari hii walikuja. Siku chache kabla hajashika madaraka, bunge lilikuwa limepitisha sheria ya kugawa ardhi.