Mahin hajaadhibiwa

Asiyeitazama bado filamu ya Kiirani ya mwaka 2024, My Favourite Cake, ajue mapema kwamba mwisho wake unaanikwa hapa. Haikwepeki, maana ugomvi wote uko kwenye mwisho: je, filamu inamwadhibu Mahin, mhusika wake mkuu, kwa kupenda uzeeni?

Kisa chenyewe ni kifupi. Mahin ni mjane wa miaka 70 anayeishi peke yake Tehran. Binti yake yuko ughaibuni. Siku moja kwenye mgahawa wa wastaafu anamsikia dereva wa teksi, Faramarz, akisema kwamba naye anaishi peke yake. Anamfuata kazini kwake, anaomba apelekwe nyumbani, kisha anamkaribisha ndani. Wanakunywa divai, wanacheza muziki, Faramarz anatengeneza taa za bustani. Usiku huohuo Faramarz anafia kitandani, na Mahin anamzika bustanini.

Wapo walioipenda filamu hii mpaka dakika hiyo, kisha wakakasirika. Inakuwaje, wanauliza, itumie zaidi ya saa nzima kutuonyesha kwamba mwanamke wa miaka 70 anaweza kumtamani mwanamume na kumwendea bila kuona haya, halafu impe usiku mmoja na maiti? Mzee anayependa amezoeleka kwenye sinema kwa sura mbili, ya kuchekwa au ya kufa. Wanaolalamika wanaweza kutoa mfano wa Gloria, filamu ya Chile ya mwaka 2013 iliyompa Paulina García tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Berlin. Gloria naye ni mtu mzima aliyeachana na mumewe, naye anapata bwana. Penzi linaharibika kwa sababu bwana mwenyewe hajui kujinasua kutoka kwa watoto wake na mtalaka wake, lakini mwishoni Gloria yuko harusini anacheza. Hakuna aliyekufa.

Hoja hiyo ina uzito, na ingenishawishi kama Mahin angekuwa anaishi Santiago, mji wa Gloria. Anaishi Tehran.

Mgeni akifa ghafla nyumbani kwako, utaratibu unajulikana: unaita gari la wagonjwa, unapiga mayowe, majirani wanakuja, ndugu zake wanatafutwa. Sasa Mahin amwite nani? Mapema usiku huo jirani amekwisha kubisha hodi kwa sababu amesikia sauti ya mwanamume. Kifungu cha 637 cha sheria ya adhabu ya Iran kinahusu uhusiano usio halali kati ya mwanamume na mwanamke wasio wanandoa, hata usipofikia zinaa, na adhabu yake ni hadi viboko 99. Namba hiyo haitajwi kwenye filamu, na sidhani kama mtazamaji wa Iran anahitaji kutajiwa. Lakini sisi wengine tunaoitazama kwa mbali tunapaswa kuwa nayo kichwani tangu Faramarz anapovuka kizingiti. Viboko 99, kwa ajili ya divai na taa za bustani, kwa mwanamke mwenye miaka 70. Ukishaiweka namba hiyo mezani, kaburi la bustanini linaeleweka. Hata kulia kwa sauti kungekuwa kujishitaki. Kifo kinaweza kumkuta mzee yeyote, saa yoyote; kinachoumiza ni kwamba mfiwa analazimika kuuficha msiba wake kama mtu anayeficha mali ya wizi.

Ndiyo maana siioni adhabu ya waongozaji kwa Mahin. Adhabu ilikuwepo kabla ya filamu kuanza, nao wameionyesha tu inavyofanya kazi hadi kwenye mazishi.

Isitoshe, waongozaji hao, Maryam Moghadam na Behtash Sanaeeha, hawakuwa wakizungumzia hatari ya watu wengine. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, mwigizaji wa kike Iran hutakiwa kufunika nywele hata kwenye tukio la chumbani, kwa sababu mtazamaji si maharimu wake, yaani si ndugu asiyeweza kumwoa. Sinema ya nchi hiyo ikajaa wanawake wanaolala na mitandio, jambo ambalo kila mtu pale anajua halipo majumbani. Lili Farhadpour, anayeigiza Mahin, anaonekana nyumbani kichwa wazi, kama mwanamke yeyote alivyo kwake. Kipo pia kisa cha bustani ya umma ambapo Mahin anawakabili polisi wa maadili wanaotaka kumchukua msichana kwa ajili ya mtandio, na huwezi kukitazama bila kumkumbuka Mahsa Amini, aliyefariki Septemba 2022 akiwa na miaka 22 baada ya kukamatwa na polisi haohao. Filamu ilipofika Berlin Februari 2024, waongozaji hawakuwepo. Walikuwa wamenyang'anywa pasipoti. Mwaka 2025 mahakama ikawapa kifungo cha nje. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ameogopa kuandika mwisho wa furaha ni kumwonea.

Hata hivyo, walalamikaji wana jambo moja ambalo sina jibu lake. Wakiwa njiani kwenda nyumbani, Faramarz anasimamisha gari na kuingia duka la dawa, na baadaye tunaelewa alichonunua: kidonge cha nguvu za kiume. Kidonge hicho kinaiharibia filamu hoja yake yenyewe. Moyo wa mzee unaweza kusimama bila msaada wowote. Ukishaweka kidonge, mtazamaji mwenye dhihaka anapata pa kushikia, na babu aliyejitutumua anarudi kuwa kichekesho kilekile ambacho waongozaji walitaka kukikwepa. Faramarz anachezwa na Esmail Mehrabi kwa upole na haya kiasi kwamba kifo chake kingeaminika bila sababu ya dukani. Ningeikata sehemu hiyo, na kaburi ningeliacha lilivyo.