Fickell Abaki, Lakini Msinitajie Alvarez

Shemeji yangu anaishi Minnesota, na tangu Jumamosi ile ya mwisho wa Novemba 2025 simu yangu haijapumzika. Ilianza picha ya shoka. Ikafuata video ya wachezaji wao wakikimbia nalo uwanjani, wakijifanya wanakata nguzo za goli. Halafu ujumbe wa sauti ambao robo tatu yake ni kicheko, na mwishoni kabisa: "Shem, hivi yule kocha wenu bado yupo?"

Bado yupo. Tumepigwa 17-7 na Minnesota, msimu umefungwa kwa ushindi 4 na vipigo 8 (yaani 4-8), Shoka la Paul Bunyan, kombe tunaloshindania na Minnesota, linalala Minneapolis mwaka wa pili mfululizo, na Luke Fickell bado ni kocha wa futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mkurugenzi wa michezo, Chris McIntosh, alishatangaza mwanzoni mwa Novemba kwamba Fickell ataendelea 2026 na kwamba chuo kitaongeza fedha kwenye timu. Tangu siku hiyo Madison, mji wa chuo chetu, imegawanyika kambi mbili, na kwa bahati mbaya kambi niliyomo mimi ndiyo inayoongea upuuzi zaidi.

Maana mimi nasema abaki. Ila kila ninapokaa na wenzangu wanaosema abaki, kabla bia haijafunguliwa mtu ameshataja jina la Barry Alvarez, kocha wetu wa zamani. "Alvarez naye alianza 1-10, mbona tukamvumilia?" Wanaitamka kama dua. Sanamu yake ipo pale nje ya Camp Randall, uwanja wetu, wanapita mbele yake, wanatikisa kichwa, wanaingia ndani kuangalia tunavyonyukwa, wakitoka wanasema subira huvuta heri.

Jamani. Alvarez alipofika 1990 alikuta magofu. Don Morton aliyemtangulia alishinda mechi 6 katika misimu mitatu, akapoteza 27. Uwanja ulikuwa mtupu na idara ya michezo ilikuwa inadaiwa. Kutoka hapo kwenda 1-10, kisha 5-6, kisha 5-6 tena, halafu msimu wa 1993 kufika Rose Bowl, mechi kubwa ya mwisho wa msimu, na kuifunga UCLA 21-16 siku ya mwaka mpya, huko ni kujenga. Fickell alikabidhiwa nyumba yenye paa, samani na chakula mezani. Timu ilikuwa imekwenda bowl, yaani mechi ya mwaliko baada ya msimu, kila mwaka tangu 2002. Mtangulizi wake, Paul Chryst, mtoto wa hapahapa Madison, alikuwa na rekodi ya 67-26 siku walipomfungashia virago. Sitini na saba kwa ishirini na sita! Kosa lake lilikuwa kuanza 2022 kwa 2-3 na kufungwa nyumbani na Illinois 34-10. Leo Fickell ana misimu miwili mfululizo ya hasara, 5-7 kisha 4-8, jambo ambalo halijatokea hapa tangu Alvarez mwenyewe alipokuwa anafukua yale magofu. Kwa hiyo ukimtaja Alvarez kumtetea Fickell, umemtetea Chryst. Fikiri kwanza.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, kwa sababu naona hata wanaotaka afukuzwe hawalitaji. Wao wanahesabu mechi. Mimi mechi naweza kuzivumilia. Nilipofika Madison kusoma sikujua hata kwa nini mpira unasimama kila baada ya sekunde tano. Aliyenifundisha ni mzee mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye viti vyake viko mbele yetu kidogo na alikuwa anavilipia tangu enzi za Morton. Siku ya kwanza nilikuwa nafuata mpira kwa macho, kama mtu yeyote aliyekulia kwenye soka. Akanigeuza kichwa kwa mkono wake, kweli kabisa, akaniambia niache kuangalia mpira, niwaangalie wale watano wa mbele. Ukishawaona wamesogeza watu hatua moja, mpira umeshakwenda, huna haja ya kuutafuta.

Basi ndivyo nilivyoipenda timu hii. Vijana wakubwa kupita kiasi, wengi wao wa vijiji vya hapahapa jimboni, wengine wameingia bila hata ufadhili wa masomo, wanakula, wanabeba vyuma, na baada ya miaka mitatu wanamsukuma mtu wa Ohio mpaka anaomba maji. Joe Thomas wa Brookfield alitoka kwenye mstari ule, leo yuko kwenye Ukumbi wa Heshima wa NFL, ligi ya kulipwa. Nyuma yao akikimbia Ron Dayne, akachukua Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, 1999. Akaja Melvin Gordon, ambaye mwaka 2014 aliikimbilia Nebraska yadi 408 na robo ya nne hakucheza kabisa. Akaja Jonathan Taylor, zaidi ya yadi 6,000 katika misimu mitatu. Kila mtu Marekani alijua tutakachofanya, na hawakuweza kutuzuia. Kulikuwa na utamu fulani katika hilo ambao siwezi kumweleza shemeji yangu hata nikitaka.

Na Fickell alifanya nini? Alikuja kutoka Cincinnati na heshima zake zote (na alistahili, kuipeleka Cincinnati kwenye nusu fainali ya taifa 2021 si mchezo), akamwajiri Phil Longo, kocha wa mashambulizi, aje kutufundisha kurusha pasi. Ghafla tukawa timu ya kisasa. Kwotabeki, yule mrushaji wa mpira, anasimama nyuma, wapokeaji wanne wametawanyika, haraka haraka, mpira hewani. Mashambulizi ya kila timu ya kawaida nchini. Vijana wetu wakubwa wa mbele wakageuzwa walinzi wa mlango. Kichekesho ni kwamba bosi aliyebariki yote haya ni McIntosh, ambaye alikuwa teko wa kushoto, mmoja wa wale watano wa mbele, katika timu ya 1999. Ndiye aliyekuwa anamfungulia Dayne njia kwa mabega yake! Mtu huyo ndiye aliyekaa ofisini akaona kwamba kukimbia na mpira ni ushamba.

Longo akafukuzwa Novemba 2024 kabla msimu haujaisha, tukapoteza mechi tano za mwisho mfululizo, na ule msururu wa miaka 22 wa kwenda bowl ukakatika. Fickell akasema tunarudi kwenye asili yetu. Sawa. Ila asili ukishaifukuza nyumbani hairudi kwa kuitwa mara moja. Wale vijana wa mstari wa mbele hawapatikani dukani, hupikwa miaka mitatu minne. Ndiyo maana 2025 tuliona tulichokiona. Maryland wakaja nyumbani kwetu wakatupiga 27-10, na wanafunzi wakaimba kocha afukuzwe kwa sauti ambayo nina hakika aliisikia hadi mkewe. Iowa wakaja, 37-0. Jumamosi iliyofuata Ohio State, 34-0. Nyumbani, mara mbili mfululizo, hatukupata hata pointi ya kuombea maji. Siku ya Iowa, ilipofika ile dakika ambayo mashabiki huruka kwa muziki baina ya robo ya tatu na ya nne, niliangalia upande wa wanafunzi nikaona mabenchi yanang'aa. Waliobaki waliruka. Mzee wangu mfugaji hakugeuka. Alikuwa anafunga thamosi yake ya kahawa, taratibu, akigeuza kifuniko kama vile ana siku nzima.

Majeruhi? Nitakubali, lakini kwa shingo upande. Mordecai alivunjika mkono 2023, Van Dyke goti 2024 dhidi ya Alabama, Billy Edwards goti tena 2025, mechi ya kwanza kabisa. Miaka mitatu, makwotabeki watatu. Bahati mbaya ipo. Lakini kocha anayelipwa zaidi ya dola milioni 7 kwa mwaka analipwa pia awe na kwotabeki wa pili anayejua kurusha mpira. Ratiba nayo ilikuwa ngumu, haya, tumesikia.

Basi kwa nini abaki?

Kwa sababu ya Novemba. Najua, tulipoteza kwa Indiana 31-7 na kwa hao wa shoka. Lakini tarehe 8 Novemba Washington walikuja hapa, timu nzuri kuliko sisi kwa kila kipimo, tukawafunga 13-10. Pasi zetu zote mechi nzima hazikufika yadi 50. Aliyerusha yadi nyingi zaidi upande wetu ni Sean West, ambaye kazi yake ni kuupiga mpira teke tunaposhindwa kuusogeza! Kwotabeki alikuwa Carter Smith, mtoto wa mwaka wa kwanza aliyeingizwa baada ya mwenzake kuumia, akawa anakimbia tu na mpira na kuanguka na kuinuka. Mbaya? Mbaya mno. Watu wa televisheni walikuwa wanaona aibu kuitangaza. Mimi nilisimama muda wote. Ulinzi uliwabana wale jamaa mpaka wakaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe, na Mason Posa, naye wa mwaka wa kwanza, alikuwa anamfikia kwotabeki wao kama mtu aliyetumwa kudai kodi. Wiki mbili baadaye Illinois, 27-10, kwa mtindo uleule. Kukimbia, kusukuma, kukaba. Kwa mara ya kwanza tangu Fickell aje, sikuhitaji kuangalia rangi ya jezi kujua ni Wisconsin inacheza.

Hicho ndicho ninachotaka kisivunjwe. Na kitavunjwa siku hiyohiyo kocha atakapofukuzwa, kwa sababu siku hizi kocha akiondoka wachezaji wanafunguliwa dirisha la kuhama, na hao akina Posa na Smith na Cooper Catalano wa Germantown watapigiwa simu kabla barua ya kufukuzwa haijakauka wino. Tutaajiri mtu mpya, atakuja na vijana wake, atakuja na mfumo wake, na wale wa mstari wa mbele walioanza kuiva tutawaona wakiwa na jezi za watu wengine. Halafu tusubiri miaka mitatu mingine. Hesabu hiyo nimeshaiona.

Nimeiona kwetu pia. Waulizeni Yanga. Walimtimua Gamondi Novemba 2024, akaja Ramovic, akaondoka Februari, akaja Hamdi, akaondoka, akaja Folz, naye Oktoba 2025 akaoneshwa mlango. Mtasema ubingwa si walichukua? Walichukua, kwa sababu Yanga wana fedha za kununua mchezaji yeyote wanayemtaka ndani ya ligi yao. Wisconsin katika Big Ten, ligi yetu, si Yanga. Tukiwa wakweli sana, tuko karibu na Coastal Union wenye uwanja mkubwa.

Kuhusu fedha nitasema mstari mmoja: kumfukuza kungegharimu zaidi ya dola milioni 25, na chuo kinachoruhusiwa tangu Julai 2025 kuwalipa wachezaji wa michezo yote hadi milioni 20.5 kwa mwaka hakina sababu ya kumlipa mtu zaidi ya hiyo ili akae nyumbani kwake.

Lakini msije mkanielewa vibaya mkadhani nimempa Fickell kadi nyeupe. Wanaotaka aondoke wana hoja moja ambayo kila nikiisikia nanyamaza: Indiana. Mwaka 2023 Indiana ilikuwa 3-9. Akaja Curt Cignetti, mwaka wake wa kwanza akaenda 11-2. Sasa hivi wanatufunga kana kwamba wana haraka ya kuwahi ndege. Kumbe inawezekana kubadilisha timu ndani ya mwaka mmoja, na mimi hapa nahubiri uvumilivu. Sina jibu zuri. Jibu nililonalo ni kwamba kwa kila Cignetti mmoja kuna makocha tisa ambao majina yao mmeshayasahau, na McIntosh alishajaribu bahati hiyo mara moja. Alikuwa na Jim Leonhard pale ndani, kijana wa kijijini Tony, aliyeingia chuo bila ufadhili akatoka nyota, kocha wa ulinzi aliyejua kila jiwe la Camp Randall. Akampita, akaenda kumchukua mtu mwenye jina. Siko tayari kumwachia McIntosh kalamu ileile achague tena msimu huu.

Kwa hiyo abaki, na kazi yake ya 2026 haina siri. Shoka lirudi. Bowl ipatikane, hata ile inayochezwa Desemba mbele ya wastaafu na watu waliopewa tiketi za bure. Na asimwajiri mtu yeyote anayetumia neno "kisasa" kwenye mahojiano.

Tunafungua msimu Septemba 6, 2026 dhidi ya Notre Dame, Lambeau Field, na mke wangu ameshakubali twende Green Bay ingawa haelewi kwa nini tuendeshe gari saa mbili na zaidi kwenda kuumia. Nitakaa nikiwaangalia wale watano wa mbele. Wakiwasogeza Notre Dame hatua moja, hata tukifungwa nitarudi nimetulia. Nikiona wapokeaji wanne wametawanyika kwenye mchezo wa kwanza, nitaongoza kelele za kumfukuza mimi mwenyewe, kwa Kiswahili, na nitahakikisha shemeji anapata video.